Kiti cha Mlangoni kwa Bi Mwanakheri

Hapo zamani, siku ambazo mafuta ya ufuta yalishindikwa na ngamia, na ngamia mwenyewe akiendeshwa kwa wimbo, palikuwa na mwanamke mmoja mjane katika mji wa Fumbini, jina lake Bi Mwanakheri. Nasema mjane, lakini msimwonee huruma. Alikuwa na kinu, alikuwa na ngamia, na alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa tatu, na mtu huyo akafika anahema.

Wangapi hapa mmewahi kuona kinu cha ngamia? Wawili? Basi nieleze. Katikati ya banda pana kinu kikubwa cha mti, na ndani yake mchi mrefu kuliko mtu. Mchi umefungwa kwenye boriti, boriti imefungwa kwa ngamia, na ngamia anazunguka. Anazunguka, mchi unasaga. Anazunguka, ufuta unalia. Anazunguka, mafuta yanachuruzika kwenye kasiki, ule mtungi mpana ambao mtu mzima anaweza kukaa ndani na kujikuna. Na ngamia hufungwa kidoto, kitambaa cha kuziba macho, asipate kizunguzungu, na asijue kwamba haendi popote.

Ngamia wa Bi Mwanakheri aliitwa Bwanaharusi, kwa sababu alitembea kwa maringo, shingo mbele, kana kwamba nyuma yake kuna ngoma na matarumbeta.

Pale kinuni walifanya kazi watu watatu. Wa kwanza ni Pandu, mchunga ngamia, mtu wa miraba minne, mwenye mke na watoto sita, wawili kati yao pacha wanaokula kama wanne. Wa pili ni Mize, mwagaji ufuta. Yeye ndiye aliyejua kwa kugusa tu, bila kutazama, ufuta huu umeiva kusagwa au bado. Nyumbani alikuwa na mama mkwe na watoto wanne. Wa tatu ni Kombo, mwimbaji. Msicheke, kuimba ilikuwa kazi kamili. Bwanaharusi hakuinua mguu bila wimbo. Kombo akiimba polepole, ngamia polepole. Kombo akichangamka, ngamia naye kama yuko harusini. Kombo hakuwa na mke, alikuwa na baba yake mzee, haoni wala hasikii vizuri, ila njaa anaisikia vizuri sana.

Siku alipowaajiri, Bi Mwanakheri aliwaita majirani wawe mashahidi, akasema hivi:

"Nyinyi watatu, nisikilizeni. Ukifanya kazi kwangu na kazi yangu ikakuumiza, nitakuuguza mpaka upone. Na ukipona ukawa huwezi tena kazi yako, utakaa kwenye kile kiti pale mlangoni. Utawafungulia wateja, utawafungia wateja. Na chakula cha nyumba yako yote kitatoka kwenye chungu changu mpaka siku utakayoiaga dunia. Mashahidi mmesikia?"

"Tumesikia!" wakasema majirani.

Sasa kile kiti! Kilikuwa na mto wa sufi, kilikuwa na kivuli asubuhi na jioni, na kilitazamana na dirisha la jiko. Na chungu cha Bi Mwanakheri kilikuwa na sifa mji mzima. Watu walipita pale wameshiba, wakafika kwao wana njaa. Pandu alikuwa akikitazama kiti kile kila siku akisema, "Kiti nakipenda. Njia ya kukifikia ndiyo siipendi."

Miaka sita ikapita, hakuna aliyekikalia ila paka.

Basi, ikafika siku ya Alhamisi. Nataka mjue mambo matatu kabla sijaendelea, maana baadaye yatabishaniwa.

Jambo la kwanza: ilikatazwa kupanda boriti. Bi Mwanakheri alisema tangu mwanzo, "Boriti ni ya kinu, si farasi." Lakini Pandu alipanda. Alipanda kila siku, akakaa juu yake miguu inaning'inia, akazungushwa. Na Bi Mwanakheri alimwona kila siku, akasema, "Pandu, utaanguka wewe," akacheka, akaenda zake. Kwa nini hakumshusha? Kwa sababu uzito wa Pandu uliukandamiza mchi, na mafuta yakatoka mengi zaidi.

Jambo la pili: Mize aliingia kazini alfajiri na kutoka adhuhuri. Hayo ndiyo mapatano. Ikifika adhuhuri ananawa mikono, anajifunga kanga yake, anakwenda kwao, na kinachotokea kinuni baada ya hapo si chake.

Jambo la tatu: kamba ya kidoto ilikuwa imechakaa. Mize alimwambia Bi Mwanakheri mara ya kwanza, akajibiwa, "Kesho." Akamwambia mara ya pili, akajibiwa, "Kesho." Akamwambia mara ya tatu, akajibiwa, "Mize, hivi kesho huijui?"

Alhamisi hiyo adhuhuri ilipofika, Mize akanawa mikono, akajifunga kanga, akatoka nje ya lango. Alikwisha piga hatua saba barabarani. Saba, zilihesabiwa baadaye kwa nyayo. Pandu alikuwa juu ya boriti, anazungushwa kama mtoto wa mfalme. Kombo alikuwa ameegemea ukuta, anaimba wimbo alioutunga asubuhi ile ile:

*Bwanaharusi twende, bibi harusi yu mbele,*
*Twende Bwanaharusi, pilau inapoa!*

Hapo kamba ya kidoto ikakatika. Kidoto kikaanguka chini.

Bwanaharusi akafumbua macho. Akatazama ukuta. Akatazama kinu. Akatazama chini, akaona nyayo zake mwenyewe, duara juu ya duara juu ya duara. Miaka sita! Miaka sita alikuwa akiamini yuko safarini, na hajatoka hata bandani!

Alitoa mlio ambao haujasikika tena Fumbini. Kisha akaondoka. Hakuzunguka, alikwenda moja kwa moja, na boriti nyuma yake, na Pandu juu ya boriti.

"Taratibu, Bwanaharusi!" Pandu alipiga kelele. "Taratibu, baba! Jamani! Mama weeee!"

Boriti ikagonga nguzo. Pandu akaruka. Palikuwa na lundo kubwa la ufuta, laini kama godoro, ambalo lingempokea kwa adabu. Pandu akapita juu yake, akaliangalia akilipita, akaangukia rundo la mashudu, yale makapi ya ufuta yaliyokaushwa yakawa mawe. Mguu ukasema ka!

Kule nje Mize akasikia kishindo, akageuka. Akaona kamba ya ngamia imejizungusha kwenye shingo ya kasiki, na kasiki limeanza kuinama. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya siku nane. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemtuma. Mize alitupa kanga, akarudi mbio hatua zake saba na nyingine kumi, akalikumbatia kasiki kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaishika kamba. Ngamia akavuta. Mize akavuta. Kamba ikamkaza kiganja. Kasiki likayumba, likayumba, likasimama. Halikumwagika hata tone. Lakini kiganja cha Mize kilivunjika mahali pawili.

Na Kombo? Kombo hakuguswa na kitu. Si boriti, si kamba, si ngamia. Alisimama palepale ukutani, salama. Ila alikuwa amemwona Pandu akipita hewani, ameliona lile lundo la ufuta likiachwa, na sasa anamwona Bwanaharusi ameingiza kichwa katika dirisha la Bi Mwanakheri, akakitoa kimevaa mtandio wa bibi, sikio moja ndani na moja nje. Kombo akacheka. Akacheka mpaka akajishika mbavu. Akafungua mdomo acheke zaidi, na taya likasema kwa!

Likabaki hivyo, wazi.

Majirani walifika, wakamwona Kombo mdomo wazi, mikono inapunga, wakadhani anacheka, nao wakacheka. Yeye akapunga zaidi. Wao wakacheka zaidi. Ilikuwa kitambo kirefu kabla mtu mmoja hajauliza, "Jamani, huyu mbona hapumziki?"

Akaitwa Mzee Faki, fundi wa kuunga mifupa. Akamfunga Pandu mguu kwa vijiti. Akamfunga Mize kiganja kwa majani na vitambaa. Kisha akamtia Kombo vidole gumba viwili kinywani, akasukuma taya likarudi mahali pake, likarudi upesi kuliko alivyotarajia, na ikabidi naye afungwe vidole.

Bi Mwanakheri alitimiza neno lake. Alimtia ngamia zizini, akafunga kinu, akawauguza wote watatu miezi miwili. Uji asubuhi, mchuzi mchana, na maneno makali katikati. "Meza!" alimwambia Kombo. "Usitafune, meza!" Na nyumba zao zote tatu zikala kwenye chungu chake.

Miezi miwili ikaisha, Mzee Faki akafungua vitambaa. Mguu wa Pandu uliunga, lakini ulikuwa mfupi, hakuweza tena kumfuata ngamia. Kiganja cha Mize kiliunga, lakini vidole havikukunjika wala kuhisi, hakuweza tena kuupima ufuta, maana mkono wa kushoto haukuijua kazi hiyo. Taya la Kombo lilifunga, lakini mdomo ulikwenda upande, ukalifuata jina lake. Kila akiimba ulitoka mluzi, na mbwa wa mtaa wakaja kukaa mbele yake wakisubiri amri.

Watatu wote hawawezi kazi zao. Kiti ni kimoja.

"Tukikalie kwa zamu," Kombo akasema, na mbwa mmoja akaingia.

"Kukaa mtakaa kwa zamu," Bi Mwanakheri akajibu. "Na kula je? Miezi miwili hii nimelisha nyumba tatu. Kinu kimesimama. Ghala limekwisha. Jana nimelamba mwiko, hicho ndicho kilichokuwa chakula changu cha jioni. Hata nikiajiri wengine kinu kizunguke tena, naweza kulisha nyumba yangu na nyumba moja tu. Nikilisha tatu, kwa mwezi mmoja tutakuwa nyumba nne za wenye njaa."

Pandu akasema, "Basi tubadilishane kazi, Bibi. Labda mmoja atapata la kufanya."

Wakajaribu, Mungu anajua walijaribu. Pandu akakaa chini akaimba, kwa sauti kama msumeno kwenye ubao mbichi. Bwanaharusi akalala chini, akafukia pua mchangani. Kombo akashika kamba amwongoze, lakini ngamia alimjua Kombo ni mtu wa nyimbo, akasimama akimtazama usoni, anangoja aimbiwe. Mize akajaribu kuimba huku akimwongoza kwa mkono wa kushoto. Bwanaharusi akatembea! Watu wakapiga vigelegele! Akatembea vizuri kabisa mpaka zizini, akaingia, akakataa kutoka.

Basi Bi Mwanakheri akamwita kadhi wa mji. Kadhi akaja na kilemba chake, akaketi barazani, na Fumbini yote ikajaa ukutani kusikiliza.

"Pandu, sema," kadhi akasema.

Pandu akasimama kwa fimbo. "Mheshimiwa, mimi ndimi niliyeumia hasa. Nimeumia saa ya kazi. Nimeumia mahali pa kazi. Nimeumizwa na boriti ya kazi, nikivutwa na ngamia wa kazi. Nina mke na watoto sita. Wa kwenye kiti ni mimi."

"Lakini boriti ilikatazwa kupandwa!" Kombo akasema.

"Ilikatazwa kwa mdomo," Pandu akajibu. "Kwa macho niliruhusiwa. Miaka sita bibi ananiona juu yake. Mafuta yaliyotoka kwa uzito wangu, aliyarudisha kinuni?"

Watu wakaguna. Bi Mwanakheri akatazama vidole vyake vya miguu.

"Mize, sema."

Mize akasimama. "Mheshimiwa, hawa wawili waliumia, sikatai. Lakini waliumia bila kumfaa mtu. Mimi nimeumia nikiokoa. Kasiki lile lingeanguka, miezi miwili hii tungeuguzwa kwa nini? Ule uji tulioshiba sote ulitoka kwenye mafuta niliyoyashika kwa kiganja hiki. Wa kwenye kiti ni mimi."

"Dada Mize," Pandu akasema, "nakuheshimu sana. Lakini ulikuwa umekwisha nawa mikono. Ulikuwa barabarani, hatua saba. Siku ile yako ilikuwa imekwisha. Bibi aliahidi anayeumia kazini. Barabarani napo ni kazini?"

"Sikuumia barabarani, niliumia kwenye kasiki!"

"Nani alikutuma?"

"Na ningengoja kutumwa, kaka Pandu, leo ungekuwa unaogelea!"

Watu wakacheka, kadhi akawanyamazisha kwa mkono, naye mwenyewe kilemba kinatikisika.

"Kombo, sema."

Kombo akasimama. Akaanza kusema, na mluzi ukatoka, na mbwa watatu wakaja kukaa mbele ya kadhi.

"Mheshimiwa, ninajua mnacheka. Lakini nihesabieni makosa yangu. Pandu alivunja amri. Mimi sikuvunja. Mize muda wake ulikwisha. Mimi wangu ulikuwapo. Nilisimama mahali nilipoambiwa nisimame, saa niliyoambiwa niwepo. Na siku bibi aliponiajiri alisema nini? Mashahidi wapo. Alisema, 'Kombo, nakutaka uchangamshe kinu, pasiwe na mtu aliyenuna.' Kucheka ilikuwa kazi yangu! Seremala akikatwa na msumeno mnasema kaumia kazini. Msumeno wangu mimi ni huu mdomo."

"Alikwambia uchangamshe wengine," Mize akasema. "Hakusema umcheke mwenzako aliyevunjika mguu."

Hapo Kombo akamgeukia Mize. Kisha akasema taratibu, na safari hii hakuna aliyecheka: "Sikujua kama amevunjika, dada. Naapa sikujua. Nilidhani atainuka. Na baba yangu kila asubuhi ananiambia, 'Kombo mwanangu, mbona huimbi?' Hasikii vizuri, mheshimiwa. Sauti yangu ilikuwa moja ya vitu vichache alivyovisikia."

Hata pacha wa Pandu wakaacha kutafuna.

Ndipo Bi Mwanakheri akasimama, ameshika kile kidoto na ile kamba yake iliyokatika, akawaonyesha watu wote.

"Nami nina langu," akasema. "Mize aliniambia mara tatu. Mara tatu nikamwambia kesho. Kosa la kamba ni langu. Kwa hiyo mtu asiniambie nimnyime fulani kwa sababu alizembea, maana mzembe mkubwa ni huyu aliyesimama hapa. Sitafuti njia ya kukwepa. Natafuta mwenye haki, nimpe."

Kadhi akakuna ndevu muda mrefu. Akasema, "Pandu kaumia katika kazi, akifanya alichokatazwa na kinachomfaa aliyemkataza. Mize kaumia kwa kuiokoa kazi, siku yake ya kazi ikiwa imekwisha. Kombo kaumia saa ya kazi, hakukosa lolote, ila hakuna kilichomgusa. Bibi, ahadi uliitoa wewe kwa maneno yako, na wewe ndiye unayejua ulikusudia nini. Mimi nimesoma vitabu vingi, lakini taya la kucheka sijalikuta." Kisha akanusa upepo uliotoka jikoni. "Hicho ni chungu? Nitangoja basi nisikie utakavyoamua."

Bi Mwanakheri akakifuta kile kiti vumbi, akamfukuza paka. Pandu akasimama kulia kwake, ameegemea fimbo. Mize akasimama katikati, kiganja ndani ya kanga. Kombo akasimama kushoto, mdomo ameubana asitoe mluzi. Watu wa Fumbini walikuwa ukutani, walikuwa mapaani, hawapumui. Na Bwanaharusi alinyoosha shingo kutoka zizini, bila kidoto, anaangalia dunia.

Bi Mwanakheri akawatazama mmoja mmoja. Akainua mkono. Akanyoosha kidole.

Na hapo hapo mimi namshika bibi mkono, kidole kingali hewani, asikishushe mpaka nyinyi mseme. Wewe uliyecheka kule nyuma, anza wewe. Pandu aliyepanda boriti? Mize aliyerudi hatua saba? Kombo aliyecheka? Semeni upesi, mkono wa Bi Mwanakheri unachoka. Je, kile kiti cha mlangoni, nani alistahili kukikalia?